Nusu ya Nyumba kwa Bei ya Leo

Mwanamke akibaki kwenye nyumba baada ya talaka, mtaa mzima humhesabia kuwa amepata. "Wewe angalau umebaki na nyumba," ndivyo nilivyoambiwa sokoni, kazini, na hata arusini, mahali ambapo mtu hutarajia kuachwa ale biriani yake kwa amani. Hakuna aliyeniuliza nimebaki nayo vipi. Hati ya ploti yetu huku Ngala, Malindi, ina majina mawili. Aliyekuwa mume wangu alipofungasha nguo zake, jina lake halikufungashwa. Nusu ya kuta, nusu ya kisima, nusu ya mwarobaini uani, vilibaki mali ya mtu ambaye kwangu sasa ni mtu baki. Na mtu baki akitaka chake, hukitaka kwa bei ya leo, si ya mwaka mliochimba msingi.

Ndiyo maana siku hizi mwanamke akinijia na habari ya "kubaki na nyumba yangu" humkatiza mapema. Si kwamba unabaki na nyumba yako, mama. Unanunua nusu ya nyumba, kwa thamani ya mwaka huu, kwa fedha za kukopa za mwaka huu, na kwa mshahara mmoja badala ya miwili. Jiulize hivi: nyumba hii ingekuwa ya jirani, na nusu yake inauzwa, ungeweza kuilipia? Ukijibu hapana, basi bora muiuze mgawane, hata kama uliipaka rangi kwa mikono yako.

Mimi nilijibu ndiyo, ila kwa shida, na shida yenyewe ndiyo nataka kuieleza.

Kwanza ni ile nusu. Wengi huku kwetu wanaamini kwamba sheria ya Kenya inagawa kila kitu katikati mkiachana. Sivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 7, inasema mali ya ndoa hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja katika kuipata. Mchango si fedha tu: kifungu cha 2 kinataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata ule uandamani wenyewe wa ndoa. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wenza wawili waliotajwa kwa herufi tu, ikasema kwamba usawa wa Ibara ya 45(3) ya Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mtu athibitishe alichoweka. Mke katika kesi hiyo alithibitisha, na nusu aliyokuwa amepewa na Mahakama ya Rufaa ikabaki palepale.

Ila kuna kifungu cha 14. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kudhani kwamba anaishikilia kwa niaba ya wote wawili. Ikiwa kwa majina mawili, huanza kwa kudhani kwamba haki zao ni sawa. Ni dhana, na inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini anayepinga ndiye mwenye mzigo. Mimi nilikuwa na risiti za mawe, simiti na mabati kwenye bahasha ya kaki, na kwa risiti hizo pengine ningepigania asilimia 60. Wakili aliniuliza swali moja: hiyo asilimia 10 ya ziada ina thamani gani, na kesi itakula kiasi gani na miaka mingapi? Tukaafikiana nusu. Sioni kama nilishindwa.

Sisi Waislamu kifungu cha 3 cha sheria hiyo kimetuachia mlango wa kufuata sharia ya dini katika mali ya ndoa. Na sharia yetu haichanganyi mali kwa sababu ya nikaha: cha mke ni cha mke, cha mume ni cha mume, na walichonunua kwa ubia ni ubia kama wa watu wawili wowote wenye duka. Kadhi alimaliza habari ya talaka, eda na nafaka ya watoto, yaani matumizi yao. La nyumba tulikubaliana kwa mdomo mbele ya wazee wa pande zote mbili, kisha likaenda kwa mawakili likaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba tunaisoma Ramadhani baada ya Ramadhani, kisha ndugu wakikopeshana wanasema "mimi na wewe tutaandikiana nini?"

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu, na mambo haya yangemchekesha. Kule desturi ya wenye uwezo ilikuwa baba kumpa binti nyumba anapoolewa, pengine ghorofa juu ya nyumba ya wazazi au ng'ambo ya kichochoro, imeungwa kwa wikio, kile kidaraja cha juu ya kichochoro. Mume ndiye aliyehamia. Ndoa ikivunjika, hakukuwa na mjadala wa nani abaki: bwana alichukua sanduku lake. Sisi wa mishahara na ploti za mkopo tumejenga kwa majina mawili, tukaona ndio usasa. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba nyanya hakuwahi kuhitaji mthamini.

Mthamini sasa. Baba watoto alikuja na dalali wake, mtu wa miwani myeusi aliyeizunguka nyumba mara moja, akatazama upande wa bahari isiyoonekana kutoka kwetu, akasema milioni 7. Mimi nilikuwa na bei yangu kichwani, na yangu pia haikuwa na msingi wowote isipokuwa woga. Bei ya dalali na bei ya woga haziwezi kukutana. Tulichofanya ni kuchagua pamoja mthamini mmoja aliyesajiliwa, aliye kwenye orodha ya benki niliyotarajia kuiendea, na kumlipa nusu kwa nusu. Hilo la orodha ya benki ni muhimu: ukileta ripoti ya mtu wasiyemtambua, watakutuma upya na utalipa tena.

Ripoti ilikuja na namba mbili. Thamani ya soko, shilingi milioni 5.2. Thamani ya kuuza kwa haraka, milioni 3.9. Baba watoto alisoma ya kwanza, nami macho yalitua kwenye ya pili. Lakini haki ilikuwa ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na mnada; hiyo ya pili ni ya benki kujua itapata nini nikishindwa kulipa. Basi sehemu yake ikawa milioni 2.6.

Hapo ndipo watu husimama, wakaanza kutafuta milioni 2.6. Bado kuna hesabu ya madeni. Ghorofa ya juu niliiezeka kwa mkopo wa sacco kwa jina langu, na mkopo huo ulikuwa bado una shilingi 300,000. Nyumba ilithaminiwa ikiwa na paa lake, kwa hiyo deni la paa ni la wote wawili: yake 150,000. Kisha mahari. Niliolewa kwa mahari iliyolipwa nusu, na nusu nyingine ikaandikwa kuwa deni, shilingi 100,000, zilizolala kwenye cheti cha ndoa kwa miaka yote hiyo bila mtu kuzikumbuka. Kwenye talaka deni hilo huamka. Tukayatoa yote mawili, ikabaki 2,350,000.

Alichotaka kukitoa yeye ni matumizi ya watoto. Pendekezo lake lilikuwa na mvuto, nakiri: "Mama Fatma, tufanye hivi. Nikupunguzie laki sita kwenye nyumba, nawe usinidai chakula wala skuli mpaka wakue." Laki sita! Kwa usiku mmoja nilijiona nimeokoka. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenirudisha: "Hiyo nafaka ni ya nani, yako au ya wanao? Ya mwenyewe huuzi." Na sheria iko upande wake. Wajibu wa mzazi chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 haufutwi na mapatano ya watu wazima wawili wanaogawana matofali, na sharia nayo inamwekea baba nafaka ya wanawe iwe mama ana nyumba au hana. Ungekubali, kesho mtoto akaugua, ungejikuta umelipwa kwa dawa yake. Mahari ni yangu, nikaiweka mezani. Matumizi si yangu.

Palikuwa na shauri jingine: abaki mshirika, mimi nimlipe kodi ya nusu yake, nyumba iuzwe mtoto wa mwisho akifika miaka 18. Kwenye karatasi linapendeza, na kwa asiye na pa kukopa huenda ndilo pekee. Lakini soma hati yenu imeandikwaje. Umiliki wa pamoja usiogawika maana yake ni kwamba mmoja akifa, aliyebaki huchukua chote. Umiliki wa sehemu, yetu ilikuwa nusu na nusu, maana yake ni kwamba sehemu ya aliyekufa huenda kwa warithi wake. Baba watoto alikuwa ameshaoa. Angefariki, thumni, yaani moja ya nane, ya nusu yake ingekuwa ya mkewe, mama yake angekuwa na sudusi, moja ya sita, watoto wangu na wa huko wangegawana iliyobaki, nami ningekuwa naamua habari ya bomba la choo na kikao cha warithi. Hapana.

Basi fedha.

Benki ya kawaida ndiyo niliyoiendea kwanza, kwa sababu mshahara wangu unapitia hapo. Afisa alikuwa kijana mpole. Alitaka kuliita ombi langu mkopo wa kutoa fedha kwenye nyumba ninayoimiliki tayari, wenye riba ya juu kuliko mkopo wa kununua. Nilimwonyesha makubaliano ya talaka na rasimu ya mkataba wa mauzo: nanunua, kuna muuzaji, na fedha haziingii mfukoni mwangu hata dakika moja. Alielewa, akaandika upya. Kwa hiyo usiende kuomba "mkopo wa talaka". Nenda na mkataba wa mauzo ya sehemu isiyogawanywa ya ardhi, uone jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Riba ilikuwa asilimia 15. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa kimefika asilimia 13 mnamo Februari 2024, kikaanza kuteremka tangu Agosti ya mwaka huo, lakini benki hupanda na lifti na kushuka kwa ngazi. Nikachukua kalamu. Shilingi 2,350,000 kwa asilimia 15, miaka 15, ni karibu 33,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 180: karibu milioni 5.9. Nyumba nzima ina thamani ya milioni 5.2. Ningenunua nusu kwa zaidi ya bei ya nzima. Nilimwonyesha kijana hesabu, akasema ndivyo mikopo ya nyumba ilivyo kila mahali, na kwa hilo hakudanganya.

Kuna mikopo nafuu zaidi inayopitia KMRC, kampuni iliyoanza kazi 2020 ili kuzipa benki na sacco fedha za bei ya chini, mteja naye apate riba isiyofika asilimia 10. Kwa asilimia 9 na miaka 15, kiasi kilekile ni kama 23,800 kwa mwezi, jumla milioni 4.3. Tofauti ya karibu 9,000 kila mwezi si ndogo: ni umeme, maji na nauli za skuli. Mwenye kufuata njia ya riba aulize hiyo kwanza, na aulize kwenye sacco pia, si benki tu.

Sacco yangu wangenipa mara tatu ya akiba. Nilikuwa na laki nne, kwa hiyo milioni 1.2, asilimia 12 kwa salio linalopungua, miezi 72, yaani kama 23,500 kwa mwezi. Haraka, na bila kugusa hati. Kasoro zake ni mbili. Haifiki, na inataka wadhamini. Wadhamini ni wenzangu wa kazi, wa wodini. Mimi nikiteleza, mshahara wa mwenzangu ndio unaokatwa kwa ajili ya ndoa isiyomhusu. Hapo nilikuwa nikisikia baridi.

Na bado palikuwa na habari ya riba yenyewe, ambayo nilitaka kuikwepa kama ikiwezekana. Kenya ina benki za Kiislamu kamili tangu 2008, na kwa jambo hili hasa wana mkataba unaolingana kuliko wowote: musharaka inayopungua. Fikiria. Mimi nina nusu. Baba watoto ana nusu. Benki inanunua kipande kutoka kwake, inakuwa mshirika wangu mahali pake, kisha nanunua vipande vya benki kidogo kidogo huku nikiilipa kodi kwa sehemu yake niliyoikalia. Kila ninaponunua, kodi inapungua. Hakuna kuzungusha maneno: ndoa ilikuwa na washirika wawili, mmoja anatoka, mwingine anaingia. Bodi yao ya sharia ilitaka cheti cha talaka na ushahidi kwamba eda imekwisha, kwa sababu wapo mume na mke wanaouziana nyumba na benki ili wapate fedha tu, na mauzo ya namna hiyo ni hila ya riba. Yetu yalikuwa mauzo kweli, kwa masikitiko ya wote.

Kwa anayetafuta nafuu ya shilingi, asiitafute hapo. Benki ilinunua kipande cha milioni 1.4, miaka kumi. Kila mwezi nanunua kwao cha 11,667, na kodi inakokotolewa kwa asilimia 14 ya kilichobaki chao: mwezi wa kwanza 16,333. Jumla 28,000, na tangu hapo inashuka kidogo kila mwezi. Mwisho wa miaka kumi kodi yote itakuwa imefika karibu shilingi 988,000. Ndugu yangu mmoja, mtu wa hesabu, alisema, "Dada, hii ni riba iliyovaa kanzu." Nilimjibu kwamba nimesoma kanzu yenyewe: benki ni mmiliki kweli, kwa hiyo takafuli, ile bima ya Kiislamu, ya jengo na ubovu mkubwa wa kuta tunaubeba kwa sehemu zetu, na nikichelewa hawaongezi faida juu ya faida. Hakushawishika. Tunaendelea kula pamoja.

Kwa nini milioni 1.4 na si zote? Theluthi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Kwenye hati yangu ya mshahara tayari kulikuwa na kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu (kichekesho hicho niachieni mimi), na mkopo wa paa. Tukiweka 28,000, nilibaki juu ya theluthi kwa elfu moja na kitu. Laki moja zaidi ya milioni 1.4 na mfumo wao ungekataa.

Kuna walionishauri niguse pensheni. Tangu 2020 kanuni zinamruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake ya uzeeni, isizidi milioni 7, kupata nyumba ya kuishi. Sikutaka. Nyumba hii ina ngazi, na magoti yangu ya miaka 65 yatahitaji fedha kuliko ghorofa.

Dhahabu niliiuza: bangili na kidani cha harusi, 210,000, bei ya dhahabu ikiwa imepanda vizuri. Wanawake wengine walisikitika kuliko mimi. Dhahabu ya harusi huku kwetu ndiyo benki ya mwanamke, na benki huwekwa ili siku moja ichukuliwe.

Ikabaki 740,000. Hiyo nilimwomba baba watoto mwenyewe anikopeshe, yaani asubiri. Malipo ishirini ya 37,000, moja kila miezi mitatu, bila nyongeza. Nina vyumba viwili vya mbele vyenye mlango wao, vinapangishwa 6,500 kila kimoja. Miezi mitatu ni 39,000. Nyumba inajilipia kipande hicho. Yeye ni mtu wa gari za watalii, alitaka zote taslimu anunue gari, na mara ya kwanza alikataa. Aliyemgeuza si mimi, ni hesabu ya mnunuzi mwingine: tukiuza kwa mtu wa nje kuna dalali, kuna kusubiri, kuna mteja anayejua mnaachana na anayenusa haraka yenu. Milioni 1.61 mkononi sasa na salio la uhakika zilishinda milioni 2.6 za kufikirika.

Kipande cha kazi ambacho hakuna aliyenitayarisha ni mpangilio wa saini. Benki haitoi fedha mpaka hati iwe kwa jina langu na rehani yao isajiliwe juu yake. Baba watoto hatii saini ya kuhamisha mpaka aone fedha. Kila mmoja ana haki. Kinachofungua fundo ni ahadi ya wakili: wakili wa benki anamwandikia wakili wa muuzaji kwamba, usajili ukikamilika, fedha zitatoka ndani ya siku walizokubaliana, na ahadi hiyo inamfunga wakili mwenyewe kitaaluma. Baba watoto alipaswa kutia saini kutoa nyumba akiwa hajashika hata senti, kwa kuamini barua. Alinipigia usiku ule. "Nikitia saini halafu wakageuka?" Nilimwambia asiniamini mimi, amwulize wakili wake. Ndiyo maana lazima awe na wakili wake, si wako. Mtu aliyeshauriwa na wakili wa upande wa pili atarudi baada ya miaka miwili akisema alilaghaiwa, na huenda jaji akamsikiliza.

Lile salio la 740,000 halikuweza kuwekewa rehani, benki ilikuwa imeshachukua nafasi. Kaka alisimama mdhamini kwenye mkataba tofauti, wenye tarehe, namba ya akaunti, na kifungu kwamba deni hili haligusi nafaka ya watoto wala nafaka haigusi deni.

Kodi na ada zisikupate hujajipanga. Ushuru wa stempu ndani ya manispaa ni asilimia 4, nje yake asilimia 2, na ulipigwa kwa sehemu inayohamishwa, si nyumba nzima: kwangu 104,000. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023 na hulipwa na muuzaji, haiwagusi waliokuwa wanandoa wakihamishiana mali kwa makubaliano ya talaka. Mkataba wenu uyataje hayo makubaliano kwa jina na tarehe. Ukiandikwa kama biashara ya kawaida, mnaweza kujikuta mnamweleza afisa wa kodi historia ya ndoa yenu. Ada za kaunti ziwe zimelipwa kabla. Na ploti ikiwa ni shamba, tuseme huko Ganda au Kakuyuni, kuna ridhaa ya bodi ya ardhi inayoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba unakufa.

Yote haya ni kwa mwenye hati. Binti wa khalati yangu yuko Majengo, kwenye nyumba isiyo na ardhi: kuta ni zao, kiwanja ni cha mwenye ardhi anayelipwa kodi ya kiwanja kila mwezi, kama nyumba nyingi za zamani hapa pwani. Benki yoyote ikisikia hivyo hufunga faili. Kwake talaka ilikuwa na njia moja tu, kumlipa mume kidogo kidogo kutoka mfukoni. Bei waliipata kwa fundi na wazee, kwa sababu kinachouzwa ni mawe, boriti na mabati, si mahali. Lakini nilimshikilia kwa jambo moja mpaka akanichoka: asilipe hata awamu ya kwanza kabla ya mwenye ardhi kuandika barua ya kumtambua yeye peke yake, na risiti za kiwanja kutoka kwa jina lake. Mume anaweza kukuuzia kuta zote nne, na mwenye kiwanja akaendelea kumjua mume. Barua aliipata. Mwenye ardhi alidai kitu cha chai; hiyo nayo aliitia kwenye hesabu.

Sasa nina hati yenye jina moja na rehani chini yake, jambo ambalo pongezi za arusini hazilitaji. Mei iliyopita, msimu umekufa na mahoteli ya pwani yamefunga, baba watoto alipiga simu akitaka awamu ya Juni aipate mapema, tena kwa simu ya mkononi, "si tunajuana." Nilimtumia, ila kwenye akaunti iliyotajwa kwenye mkataba, na wakili akaandika ukurasa wa nyongeza unaosema awamu hiyo imelipwa kabla ya tarehe na ijayo ni Septemba. Aliguna kwamba nimekuwa mtu wa karatasi. Kisha akauliza Fatma anahitaji viatu saizi gani.